Kuisoma Ardhi: Majirani wa Dhahabu Iliyojificha

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba kila mmoja ana daftari na kalamu, kwa kuwa leo tutaandika hesabu chache.

Somo letu ni juu ya dhahabu. Sikuja kuwasimulia habari za utajiri. Nataka tujifunze jambo moja tu. Dhahabu iliyojificha chini ya ardhi haikai peke yake. Inao majirani, na majirani hao huacha alama katika mawe, katika udongo, na katika mchanga wa mito. Mtu anayejua kuzisoma alama hizo huchimba mashimo machache. Asiyejua huchimba kwa kubahatisha, na kubahatisha kumewala ng'ombe wa watu wengi.

Ndugu wawili na kilima

Tuanze kwa mfano. Tuseme wapo ndugu wawili wanaokaa karibu na kilima, katika nchi iliyo kusini ya Ziwa Victoria. Siku moja baada ya mvua, yule mkubwa anaona punje mbili za dhahabu katika mchanga wa korongo, chini ya kilima. Anafurahi sana. Anauza ng'ombe wanne, anaajiri vijana, na anafungua duara papo hapo alipoziona punje. Duara, kama wengi wenu mjuavyo, ni lile shimo la kwenda chini ambalo wachimbaji wadogo huchimba ili wafuate mwamba.

Vijana wanachimba mita 5, mita 10, mita 20. Wanakuta mawe matupu. Fedha zimekwisha. Yule mkubwa anakaa juu ya rundo la mawe na kusema, "Mimi sina bahati."

Mdogo wake anamwuliza, "Kaka, zile punje zilitoka wapi?"

"Si hapa hapa nilipoziokota?"

"Hapa zilifika tu, kaka. Maji hayapandishi kitu mlimani. Huteremsha."

Basi yule mdogo anachukua jembe, karai na kopo moja. Anaanzia korongoni na kupanda kilima kwa mstari ulionyoka. Kila baada ya hatua 20 anachimba kidogo, kina kile kile kila mahali, anajaza kopo moja la udongo, na kuutia katika mfuko wenye namba. Kisha anakwenda mtoni, anaosha kila mfuko peke yake katika karai, na kuhesabu punje zinazobaki. Haya ndiyo aliyoandika katika daftari lake. Nanyi andikeni:

Korongoni, punje 2.
Hatua 20, punje 3.
Hatua 40, punje 5.
Hatua 60, punje 9.
Hatua 80, punje 14.
Hatua 100, hakuna.
Hatua 120, hakuna.

Sasa nawauliza. Kama ni ninyi, mngechimba wapi? Mwalimu, wape nafasi ya kufikiri.

Jibu ni kati ya hatua 80 na hatua 100. Punje zinaongezeka kadiri tunavyopanda, kisha zinakoma ghafula. Maana yake tumeupita mlango zinakotokea. Yule kijana anarudi, anachimba mtaro mfupi usio na kina kirefu kukata sehemu ile, na humo anakuta mshipa wa jiwe jeupe gumu lenye kutu. Kaka yake alichimba mita 20 kwenda chini mahali ambapo dhahabu ilipita tu. Mdogo amepata kwa kopo, karai na daftari.

Njia hii si hadithi tu. Watafutaji wa dhahabu wameitumia tangu zamani katika nchi nyingi. Lakini ina upungufu mmoja: inafaa tu kama punje zaonekana kwa macho. Je, dhahabu ikiwa ndogo hata jicho lisiione? Hapo ndipo tunapowahitaji majirani.

Dhahabu ilifikaje mwambani?

Miamba yenye dhahabu ya kusini ya Ziwa Victoria ni ya kale mno. Umri wake unazidi miaka milioni 2,500. Zamani hizo, chini sana ardhini, yalikuwapo maji ya moto yaliyobanwa kwa nguvu nyingi. Maji hayo yalikuwa na salfa, yaani kiberiti. Dhahabu huyeyuka kidogo kidogo katika maji ya namna hiyo, kama chumvi inavyoyeyuka katika mchuzi, ingawa kwa kiasi kidogo mno.

Maji yale yalipanda juu kwa kupitia nyufa za miamba. Mahali pengine yalipoa au mbano wake ulipungua, yakaacha mzigo wake ndani ya nyufa. Ndiyo ile mishipa ya jiwe jeupe, liitwalo kwatzi. Mahali pengine yalikutana na mawe yenye chuma kingi. Huko Geita, mathalan, kuna mawe ya kale yenye mistari mistari ya chuma. Salfa ya maji ilishikana na chuma cha mawe, na dhahabu, iliyokuwa ikibebwa na salfa, ikakosa mbebaji. Ikaanguka hapo hapo.

Lakini maji yale hayakubeba dhahabu peke yake. Yalibeba pia arseniki, antimoni, bismuthi, teluri, pengine zebaki na wolframi. Si kila mahali hukutwa wote, ila mara nyingi wamo baadhi yao. Hawa ndio ninaowaita majirani wa dhahabu.

Kwa nini tumwulize jirani?

Mtu anaweza kusema, "Mimi nataka dhahabu, sitaki arseniki. Kwa nini nipime kitu nisichokitaka?" Swali hilo ni zuri, na yapo majibu mawili.

La kwanza, dhahabu ni chache sana. Katika tani moja ya mwamba wa kawaida imo miligramu 4 hivi, au pungufu. Fanyeni hesabu. Gramu 1 ni miligramu 1,000. Basi ili mpate gramu 1 kutoka mwamba wa kawaida, mngesaga tani 250. Hizo ni lori 25 za tani 10! Mwamba wa mgodini waweza kuwa na gramu 3 katika tani moja, na hata huo ukiushika mkononi pengine huoni kitu. Arseniki ni nyingi zaidi kuliko dhahabu, kwa hiyo kuipima ni rahisi zaidi. Siku hizi kipo chombo cha kushika mkononi, kinachotumia mionzi, ambacho husoma arseniki ya udongo kwa dakika chache pale pale porini. Dhahabu ndogo ya udongoni chombo hicho hakiwezi kuisoma vema.

La pili, majirani hukaa mahali papana kuliko dhahabu yenyewe. Fikirini nyumba inayokaangwa samaki. Kikaango ni kidogo, kimo jikoni. Lakini harufu imejaa uani, imefika barabarani. Mpita njia hajaona samaki, ila pua yamwambia, "Nyumba ni hii." Vivyo hivyo mshipa wa dhahabu waweza kuwa na upana wa mita moja au mbili, na arseniki imesambaa katika mawe ya pande zote kwa mita nyingi. Mtu anayetafuta kitu cha upana wa mita moja katika pori zima hupita bila kukiona. Anayetafuta harufu yake hupata pa kuanzia.

Habari ya Nevada

Nitawapa mfano uliotukia kweli. Katika jimbo la Nevada, magharibi ya Marekani, watu wa karne ya 19 walipita wakitafuta dhahabu kwa makarai. Karibu na mji wa Carlin ilikuwapo dhahabu nyingi sana, lakini punje zake zilikuwa ndogo kupita kiasi. Zilikuwa zimetapakaa ndani ya mawe ya kijivu ya jamii ya chokaa, na katika karai hazikubaki. Watu walikanyaga mali wasijue.

Mwaka 1961 wanajiolojia John Livermore na Alan Coope, waliofanya kazi katika kampuni ya Newmont, walitafuta huko kwa njia nyingine. Walitazama namna miamba ilivyopangwa, wakachukua mawe wakayapeleka maabara yakapimwe. Macho yalisema hakuna kitu. Maabara ikasema kipo. Mgodi ukaanza kutoa dhahabu mwaka 1965.

Halafu ikaonekana kwamba dhahabu hiyo isiyoonekana hukaa pamoja na arseniki, antimoni, zebaki na thali. Mwaka 1966 wataalamu wa Serikali ya Marekani walitangaza dhahabu nyingine mahali paitwapo Cortez, katika jimbo lile lile, baada ya kuwapima majirani hao katika mawe. Leo Nevada ni jimbo linaloongoza Marekani kwa kutoa dhahabu.

Kazi inafanywaje?

Sasa turudi kwetu. Geita dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930, na mgodi wa zamani ukafungwa mwaka 1966. Miaka ya 1990 watafutaji walirudi na maarifa mapya, na mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2000. Kazi ya kutafuta huenda kwa hatua, kutoka pana kwenda nyembamba.

Hatua ya kwanza ni mito. Mchanga wa kijito kimoja umekusanya udongo wa bonde zima. Ukipima mchanga wa vijito kumi, na kimoja tu kikawa na dhahabu au majirani zake, umekwisha jua bonde la kwenda.

Hatua ya pili ni udongo. Watu hupanga mistari juu ya bonde lile na kuchukua udongo kwa nafasi zilizo sawa, kama yule ndugu mdogo. Majibu huandikwa katika ramani. Penye namba kubwa zilizokaa pamoja ndipo penye habari.

Hata mchwa husaidia. Mchwa hushuka chini sana kutafuta unyevu, na hupandisha udongo wa chini kujenga kichuguu. Kwa hiyo huko Zimbabwe na Australia wataalamu wamepima udongo wa vichuguu kujua kilicho chini. Miti nayo huvuta maji kwa mizizi. Mwaka 2013 wataalamu wa Australia walitangaza kwamba katika majani ya mikalitusi wamekuta chembe ndogo mno za dhahabu, zilizovutwa na mizizi kutoka kina cha mita 30 na zaidi.

Hatua ya tatu ni mitaro mifupi ya kuona mwamba wenyewe. Hatua ya nne, ambayo ni ya gharama kubwa, ni kutoboa kwa mashine. Mwenye akili haanzi na hatua ya nne.

Mambo manne yanayodanganya

Ndugu wasikilizaji, alama za ardhini husomwa kama barua, na msomaji asiye mwangalifu hukosea. Andikeni mambo haya manne.

Kwanza, udongo mgeni. Udongo mweusi wa mbugani uliletwa na maji kutoka mbali. Ukiupima wa juu, ni sawa na kumwuliza mgeni aliyefika jana habari za ukoo wa kijiji. Mahali kama hapo ni lazima kupita chini ya udongo ule hadi kuufikia mwamba.

Pili, uchafu. Penye mwalo wa zamani, mahali palipooshewa dhahabu, na penye marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa, namba zitakuwa kubwa kwa sababu ya watu, si kwa sababu ya mwamba. Hata pete yaweza kudanganya. Ndiyo maana wachukuaji wa udongo huvua pete na mikufu kabla ya kazi.

Tatu, namba moja. Punje moja kubwa ikiingia katika mfuko mmoja, jibu litaruka juu. Msiuze ng'ombe kwa mfuko mmoja. Rudini mahali pale, chukueni tena, na pimeni pande zote. Dhahabu ya mwambani mara nyingi huonyesha mstari wa namba kubwa unaofuata ufa au mpaka wa mawe mawili.

Nne, jirani kuwapo si hakika kwamba mwenyewe yupo. Kuna mahali penye arseniki nyingi pasipo na dhahabu. Jirani hutuonyesha mlango wa kubisha hodi. Hatuapii kwamba ndani kuna mtu.

Jirani huyu ni hatari

Hapa nataka mnisikilize kwa makini. Arseniki inayotuonyesha dhahabu ni sumu. Ikiwa ndani ya mwamba imelala. Mwamba ukisagwa na kumwagwa nje, mvua huweza kuipeleka visimani. Arseniki katika maji haionekani, haina ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Anayekunywa miaka mingi hupata magonjwa ya ngozi, na hata saratani. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi maikrogramu 10 za arseniki katika lita moja. Hiyo ni sawa na gramu 1 katika lita 100,000.

Kwa hiyo, msinywe maji ya duara wala ya shimo la kuoshea. Marundo ya marudio yawe mbali na kisima na mto. Na zebaki, ambayo wengi huitumia kukamatia dhahabu, msiichome jikoni wala karibu na watoto, kwani moshi wake huharibu ubongo. Ukipima udongo ukakuta arseniki nyingi, umepata habari mbili: pengine kuna dhahabu, na bila shaka kuna jambo la kujihadhari.

Daftari kwanza, shimo baadaye

Huenda mmoja wenu anasema moyoni, "Haya ni mambo ya wenye maabara." Si hivyo. Mashine ya maabara hupima kilicho ndani ya mfuko tu. Haijui mfuko ulitoka wapi. Anayejua ni yule aliyeuchimba udongo, kama aliandika. Mfuko usio na namba, hata ukiwa na jibu zuri namna gani, haufai kitu, maana hakuna awezaye kurudi mahali ulipotoka. Mtu aliyejifunza kuandika "Mfuko 17, hatua 80 kutoka korongoni, kina sentimita 30, udongo mwekundu" amekwisha fanya nusu ya kazi ya mtaalamu.

Katika Tanzania, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma ina ramani za miamba na maabara ya kupimia. Wachimbaji wakijiunga katika kikundi wanaweza kuchangia gharama za vipimo kumi au ishirini. Linganisheni gharama hiyo na ya duara la mita 20. Na kabla ya kuchimba, pateni leseni kutoka Tume ya Madini, ili kazi yenu isije ikawa ya mtu mwingine.

Yule kaka wa mfano wetu hakuwa mvivu wala mjinga. Alichimba kwa jasho lake. Kosa lake lilikuwa kuona punje mbili na kuanza kuchimba kabla ya kuuliza zimetoka wapi. Mdogo wake aliuliza, akahesabu, akaandika. Nanyi mkikutana na alama ya dhahabu, ulizeni kwanza, hesabuni, andikeni, ndipo mshike sururu.

Kwa leo nakomea hapa. Mwalimu, sasa darasa ni lako. Kwaherini, wasikilizaji.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini yule ndugu mkubwa hakupata dhahabu mahali alipoziona punje?
2. Yule mdogo alitumia kopo lile lile na kina kile kile kila mahali. Kwa nini? Kama angebadili kopo, hesabu yake ingeharibika namna gani?
3. Mtu amepima udongo wa bustani yake, karibu na mwalo wa zamani, akapata namba kubwa. Mngemshauri nini?
4. Kisima cha kijiji kiko chini ya rundo la marudio. Kuna hatari gani, na kijiji kifanye nini?
5. Andika katika daftari maneno ambayo ungeyaweka juu ya mfuko wa udongo uliochukuliwa nyuma ya darasa lenu.

Maneno ya kukumbuka

Duara: shimo la kwenda chini la wachimbaji wadogo.
Mwalo: mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu.
Marudio: mchanga uliobaki baada ya kuoshwa.
Kwatzi: jiwe gumu, mara nyingi jeupe, linalojaza nyufa za miamba.
Arseniki: jirani wa dhahabu, ni sumu.